Tumemteka Mchina

"Wasema yumo mle gofuni, tini ya mtanga, kazikwa," alisema Bi Swafiya, ungo wa mchele ukipanda na kushuka mikononi mwake. "Wamemlaza kwa ubavu, uso kibla, kama mwenzetu. Ati mtu akiuawa kwa kungfu hatoki damu hata tone. Ndiyo sababu hapakuonekana kitu."

Mardhiya alikuwa amekaa kwenye baraza ya mlango wake, upande wa pili wa kichochoro, mwanawe Israa ziwani, ananyonya. Kichochoro chenyewe chembamba, wakikutana punda wawili sharti mmoja arudi kinyumenyume. Kwa hiyo Bi Swafiya hakuwa na haja ya kupaza sauti. Lakini siku zote hupaza. Leo alinong'ona, na hilo ndilo lililomtia Mardhiya baridi.

"Asema nani, Bi?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa sokoni, watu wa forodhani. Watu hawana ina la kutajwa, mwanangu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Akapuliza makapi. "Wewe huwezi kuamini, kwa kuwa Hamdun alimtengeneza mwanao mkono. Na mimi pia sitaki kumdhania mabaya. Lakini Mchina alikuwa wake, na Mchina hayupo. Sasa wataka nisemeje?"

Mardhiya hakutaka aseme lolote. Alimgeuza Israa titi la pili, akahesabu siku kimoyomoyo. Ilikuwa Jumatano. Mchina alionekana mara ya mwisho Jumatatu ya wiki iliyopita, akishuka kwenye boti ya abiria pale Mtangawanda, gati la kisiwa cha Pate, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi. Siku tisa.

Gofu alilolitaja Bi Swafiya liko hatua thelathini kutoka mlango wa Mardhiya, mwisho wa kichochoro. Ni nyumba ya mawe ya watu wa kale, dari imeanguka, kuta zimebaki na vidaka vyake, vishubaka vya kuwekea vitu, vitupu kama macho. Kwa miaka ishirini na sita hapo ndipo penye chama cha kungfu cha Mwalimu Hamdun. Watu wa mtaa wamezoea kusikia miguu ikipiga chini kwa pamoja kila Jumamosi baada ya alasiri, dum, kisha kimya, kisha dum tena. Jumamosi iliyopita hapakusikika mguu. Mama wawili waliokuwa wakipita pale waliharakisha mwendo, na Mardhiya akaona.

Hamdun mwenyewe si mtu wa Amu, yaani Lamu, kwa kuzaliwa. Alizaliwa Siyu, kisiwani Pate, na akiwa na miaka kumi na minane alikwenda Mombasa kutafuta riziki. Akaipata katika hoteli ya Wachina, kazi yake kuosha masufuria. Mpishi wa hoteli hiyo alikuwa mzee mfupi, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto, jina lake Lau. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Mzee Lau alikuwa akitoka uani, baina ya mitungi ya gesi na magunia ya mchele, akafanya mambo ambayo Hamdun hakuyaelewa. Alikwenda polepole kama atembeaye majini, kisha ghafla kama paka. Hamdun alimtazama miezi mitatu, sabuni mikononi. Siku moja Lau akamwambia neno moja la Kiswahili: "Simama." Hamdun akasimama, magoti yamekunjwa, kama aliyekalia kiti ambacho hakipo. Akasimama hivyo mwaka mzima, kila asubuhi. Mwaka mzima hakufunzwa kupiga hata nzi.

Ni katika kusimama huko ndipo Lau alipomsimulia habari za chama. Kwao Lau, mji ulio karibu na mdomo wa mto mkubwa, chama cha ngumi hakikuwa cha ngumi tu. Kilikuwa na nyumba yake, na mlango wake haufungwi. Akifa mtu asiye na jamaa, wanachama hubeba jeneza. Ikishika moto nyumba, wanachama ndio wa kwanza kufika na ndoo. Wakigombana wenye maduka wawili, huletwa chamani wakanyweshwa chai kikombe baada ya kikombe, mpaka waone haya. Mfupa ukivunjika, mwalimu huuunga kwa dawa ya mizizi. Mwaka mpya ukiingia, hutengeneza simba wa kitambaa na mianzi, wakamchezesha mlango kwa mlango ili watu wacheke na shari iondoke. Na watu wa mji huo walipohamia nchi za mbali, alisema Lau, walikuwa wakitafuta maji kwanza, kisha mahali pa kusimama pamoja. Mwanafunzi mpya humpa mwalimu chai kwa mikono miwili, akainama mbele ya majina ya walimu waliokufa.

Lau alifia Mombasa. Jeneza lake lilibebwa na waosha masufuria wanne, na Hamdun alikuwa wa mbele kulia.

Alipokuja kufungua chama chake Amu, Hamdun aliyapepeta mambo ya Lau kama vile Bi Swafiya apepetavyo mchele. Kuinama akakutoa. "Kuinama ni kwa Mola peke yake," akasema, na wazee wa msikiti wakaridhika. Chai ikawa kahawa tungu, isiyo na sukari. Simba wa kitambaa akamwacha, badala yake akatia kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa harusini, kwa maana aliona fimbo ni fimbo, ya Mchina na ya Muamu. Majina ya walimu waliokufa yakabaki, yakisomwa kila mwaka. Likifikiwa jina la Lau, watu wote hunyamaza kidogo, kwa kuwa hakuna aliyejua kwa yakini ni dua gani inayofaa kwa mtu wa dini nyingine. "Kimya hicho ndicho chake," Hamdun huwaambia.

Na kazi zikafanyika. Ukiona jeneza linapita vichochoroni mwa mtaa huu wa Langoni bila kugonga ukuta, waliolibeba wengi wao ni wa chama, watu waliofunzwa miguu isiyoteleza. Ndio waliowazuia watu wasikanyagane siku za Maulidi. Ndio waliomtoa punda kisimani, punda aliyewapiga mateke wote sita akatoka mzima, wao wakatoka wanachechemea. Mtaa uliyacheka yale mwezi mzima.

Mardhiya aliingia chamani kwa mlango wa mkono wa mwanawe. Israa alikuwa na miezi kumi. Walikuwa wakishuka botini, boti ikayumba, na Mardhiya kwa hofu akamvuta mtoto kwa mkono mmoja. Mkono ukalegea, ukaning'inia kama kamba. Alimkimbiza kwa Hamdun, analia kuliko mtoto. Hamdun alikishika kiwiko kidogo kile kwa vidole viwili, akakigeuza kiganja juu, akakunja, pakasikika kitu kama kuvunjika kwa njiti. Israa akanyamaza, akautumia mkono uleule kumvuta ndevu.

"Nimemvunja mwanangu," Mardhiya alisema.

"Hukumvunja. Umempenda kwa haraka," Hamdun akajibu. Alipomuuliza ampe nini, mzee alifikiri kidogo. "Wajua kuandika wewe? Khati za Kizungu?"

Alijua. Alimaliza darasa la nane, akaolewa. Hamdun mwenyewe alisoma Kurani vizuri na kuandika barua kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa na babake, lakini herufi za shule zilimshinda. Na sasa serikali ilitaka kila chama kiwe na daftari la mahudhurio linalosomeka. Mwandishi wa zamani alikuwa amekwenda Nairobi kusoma. Basi tangu siku hiyo, kila Jumamosi, Mardhiya alikuwa akikaa juu ya boriti iliyoanguka pale gofuni, mtoto pajani na daftari juu ya goti la pili, akaandika nani amekuja, wamefanya nini, nani ameumia.

Aliipenda kazi ile, japo hakumwambia mtu. Shuleni mwalimu wao wa Kiswahili, Bi Quinter, mtu wa bara, alikuwa akiipaka insha yake wino mwekundu kama aliyechinjia kuku juu yake. *Cheza*, si *teza*. *Chini*, si *tini*. *Mchele*, si *mtele*. Pale gofuni hapakuwa na wino mwekundu. Aliandika kama ulimi wa nyumbani usemavyo, na kwa mara ya kwanza maneno yakamtoka bila kuogopa.

Kisha mwaka huu, kabla ya Ramadhani, akaja Guo.

Alikuwa kijana wa miwani, ngozi ya shingo imeungua jua, mfanyakazi wa kampuni moja ya ujenzi huko bara. Wenye boti walimwambia Amu kuna mzee "apiganaye Kichina". Alisimama mlangoni mwa gofu, na Hamdun alikuwa katikati, anafanya ule mfululizo mrefu wa Lau, mwili mzima kimya. Mardhiya alimuona kijana yule akibadilika rangi. Alitoa simu yake, akaisemesha, simu ikatoa Kiswahili kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka: "Nyanya yangu alipika hii."

Gofu zima lilivunjika mbavu. Ilichukua nusu saa na simu tatu kufahamiana. Aliyekusudiwa ni babu, na hakupika, alifanya. Babu yake Guo alikuwa akiufanya mfululizo uleule kijijini kwao kila alfajiri, na akafa hakuna aliyejifunza. Sasa mjukuu ameukuta Langoni, katika mwili wa mtu wa Siyu. Alikuja kila Jumamosi tangu hapo.

Siku kumi na moja zilizopita chama kilimpokea rasmi. Guo alitakiwa ampe Mwalimu kahawa kwa mikono miwili. Kikombe chetu hakina mkono, na kahawa ilikuwa imetoka motoni. Vidole vikamuungua, na heshima haikumruhusu kukitupa wala kukiweka. Basi akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja, akalizunguka gofu lote kama korongo aliyekanyaga kaa la moto, anapiga kelele za kwao, na kahawa haikumwagika hata tone. Watu walianguka chini kwa kucheka. Guo naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, miwani ikajaa ukungu. Hamdun akanywa, akamfunga mkanda mweusi kiunoni, akamwambia, "Babu yako ameona."

Na Mardhiya, mbavu zinamuuma, akaandika.

Jumatatu yake Guo alipanda boti kwenda Pate. Alitaka kuyaona makaburi ya kale ya upande wa Siyu, yale ambayo watu husimulia kuwa ya mabaharia wa kwao. Hamdun ndiye aliyemwelekeza njia na kumtajia jamaa wa kufikia. Kwa jamaa hao hakufika.

Haya yote yalikuwa yakimpitia Mardhiya kichwani, na ungo wa Bi Swafiya bado unapanda na kushuka, waliposikia viatu. Vilikuwa viatu vizito vya kamba. Mtaa wa ndara huvijua viatu hivyo kabla havijapinda kona.

Alikuwa Sajini Jabez na askari wawili. Sajini ni mtu wa bara, mpole, hununua mahamri kwa mama wa kona na husalimia kwanza. Leo pia alisalimia. Lakini hakusimama. Walikwenda moja kwa moja mpaka gofuni, na Hamdun, aliyekuwa anafagia, akaegemeza fagio ukutani. Wale wanawake wawili wakasogea hadi pale mtu anaposikia bila kuonekana kuwa anasikiliza. Mardhiya alimfunika Israa kwa leso.

"Mzee, ni kuhusu yule Guo tu," alisema Jabez. "Nimeambiwa mnaweka daftari."

"Tunaweka."

Lilikuwa kidakani. Hamdun akalitoa kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyetakaswa na kila neno lililomo. Jabez alilifungua kutoka nyuma. Akasoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akasita. Kisha akasoma kwa sauti, polepole, kwa sauti ya mtu asomaye barua isiyokuwa yake:

"'Jumamosi. Wanafunzi kumi na mmoya. Yeo tumemteka Mchina mpaka akalia. Mwalimu amemfunga mkanda. Hakuna aliyeumia.'"

Upepo ulipita kwenye vidaka. Na hapo Bi Swafiya akacheka. Hakuweza kujizuia, maskini. Aliona mbele yake kijana wa watu akichekwa mpaka analia, na siku tisa za hofu zikamtoka kwa mkupuo.

Jabez aligeuka. "Mama, hili ni jambo la kuchekesha?"

"La kuteka, ndiyo," alisema Bi Swafiya, anafuta macho kwa ncha ya buibui. "La kuteka sana."

Mmoja wa askari alitoa kalamu.

Mardhiya aliliona neno lake. Aliliona kwa macho ya Bi Quinter, kwa macho ya bara yote, kwa macho ya kila mtu aliyewahi kusikiliza habari saa moja usiku. Kuteka. Watu watatu wametekwa. Gari limetekwa. Na *kumfunga* nako. Hata *mpaka akalia*. Hakukuwa na neno moja katika mstari ule lisilomshuhudia mzee vibaya, na yote aliyaandika yeye, kwa furaha, mtoto pajani.

"Bwana Sajini," Hamdun alisema taratibu. "Kwetu *teka* ni *cheka*. Twasema *nti*, nyinyi mwasema *nchi*. Twasema *ndia*, mwasema *njia*. Tulimcheka. Aliungua na kahawa, naye akacheka nasi."

"Nina miezi minane hapa, mzee. *Nti* naijua, *ndia* naijua. Hili silijui." Jabez aliutazama ukurasa tena, na Mardhiya akaona kuwa hakufurahi. "Na hata likiwa kweli, mimi siye nitakayelisoma. Keshokutwa wanakuja wengine, kutoka ng'ambo ya bara. Simu zimepigwa kutoka juu sana, na hao hawakai kusikiliza lahaja. Nani aliandika hili?"

Mardhiya alifungua mdomo. Hamdun hakumtazama, ila alipiga hatua moja kuelekea kwa Jabez, hatua ile isiyo na sauti, na mgongo wake mpana ukawa baina ya sajini na wanawake.

"Mimi."

Jabez aliuangalia ule mwandiko wa mviringo, ulionyooka, wa mtoto aliyepewa nyota darasani. Akamtazama mzee. Alikuwa na haki ya kusema alichokiona, hakukisema.

"Watakupa karatasi, mzee," alisema baadaye. "Watasoma maneno, nawe utaandika. Mwandiko usipofanana watatafuta wa nani. Wataanza mlango wa kwanza, waende wa pili." Akalifunga daftari, akalitia kwapani. "Ijumaa saa tatu asubuhi, kituoni. Uje kueleza."

Neno hilo, *kueleza*, lina uzito wake katika mtaa ule. Miaka miwili nyuma Bakr, mtoto wa dada yake Bi Swafiya, aliitwa na watu ambao ofisi yao haikutajwa, akaeleze ujumbe mmoja uliokuwa katika simu yake. Alikwenda kwa miguu yake, ameoga, amepaka mafuta. Mpaka leo anaeleza. Watu wa Langoni wakitaka kusema kuwa mtu hajulikani aliko, husema "amekwenda kueleza", na mwenye kusikia hainui macho.

Viatu viliondoka. Bi Swafiya alikuwa amekaa chini, pale pale mchangani, mikono kichwani.

"Nimesema nini mimi?" aliuliza. "Mardhiya, nimesema nini?"

Usiku ule Mardhiya alimpigia mumewe, Abdulwahid, aliye mpishi katika hoteli ya wageni huko Kiwayu na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Alimwambia yote. Abdulwahid akasema, "Funga mlango. Usiseme ni wewe. Una mtoto anyonyaye," naye hakuwa mtu wa kuogopa. Kukata simu hakukumpa usingizi. Israa alinyonya, akalala, mkono ule uliotengenezwa umeshika kidole cha mamake.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, Hamdun alikuja. Hakuingia ndani, kwa kuwa mwenye nyumba hayupo. Alikaa kwenye baraza ya nje, na Bi Swafiya kwa makusudi akafungua mlango wake wazi, akakaa kizingitini na ungo mtupu, ili asiwepo wa kusema neno. Mzee alikuwa amenyoa. Kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi. Kwa mtu asiyejua angeonekana kama aendaye harusini.

"Nimewaaga wa nyumbani," alisema. "Nimewaambia ni mambo ya makaratasi."

"Mwalimu, nitakwenda mimi." Mardhiya alikuwa ameyapanga maneno haya tangu alfajiri. "Niliyeandika ni mimi. Nitawasomea kwa mdomo wangu. Wakinisikia ninavyosema watafahamu. Nitawaandikia na mengine, *teza*, *tini*, *mtele*, waone."

"Utawaeleza?"

"Nitawaeleza."

"Na Israa ziwani?"

Bi Swafiya, ng'ambo ya kichochoro, alipangusa ungo ambao haukuwa na kitu.

"Basi na tuseme aliyeandika ni yule aliyekwenda Nairobi," Mardhiya akasema. "Yuko mbali."

"Nimtoe mwana wa watu ili nimfite mwana wa watu?" Hamdun alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakwaruza. "Isikiza, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha Guo ndia ya kwenda Siyu. Nilimwambia panda boti, shuka Mtangawanda, uliza kwa jamaa zangu. Nilimtuma kama mtu amtumavyo mwanawe dukani. Yuko wapi sasa? Hakuna aulizaye. Yana nimesimama pale wakasoma, wakaandika, wakauliza nani kaandika. Hakuna hata mmoya aliyeuliza kiyana yuko wapi. Wote wauliza neno. Nikienda, huenda nikapata wa kumuuliza."

"Wakikupa karatasi?"

"Ndilo lililonileta."

Aliingiza mkono ndani ya kanzu, akatoa daftari jipya la shule na penseli mbili zilizochongwa kwa kisu. Akaviweka juu ya baraza, baina yao. Mikono yake, iliyounga mifupa ya nusu ya mtaa, ilikuwa imetulia. Akaishika ile ya kwanza kwa namna yake, imelala kama kalamu ya mwanzi inayotoka kulia kwenda kushoto, na tayari ukurasa wa mwanzo ulikuwa umejaa herufi zilizovunjika miguu. Alikuwa amejaribu peke yake. Mardhiya aliitambua *m* iliyoanguka kifudifudi, na macho yakamjaa.

"Mzee Lau alinipa mwili wake," alisema Hamdun. "Miaka kumi na miwili nilimuiga, mpaka watu wakitutazama kwa nyuma hawajui nani ni nani. Hakuna nijualo ila kuiga. Khati nayo ni mwili tu. Ina kusimama kwake, ina mahali inapopumua. Yako naijua kwa macho. Nimekuona ukiiandika kila Jumamosi, wapinda kitwa upande wa kushoto, na *k* yako waivuta mkia kama wataka kuondoka." Israa aliamka, akanyoosha mkono kutaka penseli. Mzee akampa ya pili, akaisogeza ya kwanza mpaka ikagusa kidole cha Mardhiya.

"Nna mpaka kesho saa tatu. Nishike mkono, mwanangu, unifunze kuandika kama wewe. Tuanze na hilo neno."